Keezo la mguu, la uta au mashine ya umeme? Karakana ya kukereza kwa anayeishi barabarani

Fundi anayeuza kazi zake kwenye maonyesho hana makazi ya kudumu kwa miezi kadhaa ya mwaka. Julai yuko Sabasaba, Barabara ya Kilwa. Agosti amehamia viwanja vya Nane Nane, iwe Morogoro, Nzuguni Dodoma au Mbeya, na katikati ya hapo kuna magulio, sherehe za mikoa na wenye hoteli wa Arusha wanaotaka vinara vya mezani kwa haraka. Kama kazi yake ni kukereza, yaani kuchonga mti unaozunguka kwenye keezo (bakuli, vinara, pia za watoto za kuzungusha, mipini ya visu, tasbihi), ana njia mbili: aiache karakana nyumbani atembee na bidhaa zilizokamilika, au aipakie garini aende nayo. Mimi niko upande wa kuipakia. Mteja aliyesimama akatazama kipande cha mti kikipata kiuno na mdomo mbele ya macho yake havutani bei kama yule aliyekuta bakuli limepangwa mezani pamoja na wenzake.

Kazi iko kwenye kuamua upakie nini. Wengi huanza kwa kuuliza uzito wa mashine na umeme wa kuiendesha. Maswali hayo yana majibu, tena ya hesabu tu. Linaloamua hasa ni jingine: huko njiani utapata mbao mbichi au kavu, na ukizikereza, maranda yataangukia wapi? Ukishajua hayo mawili, orodha ya vifaa inapungua yenyewe.

Wagombea watatu

Keezo la mguu ni fremu ya mbao yenye ncha mbili za chuma zinazobana kipande katikati yake. Kamba inazungushwa mara mbili kwenye kipande. Mwisho wake wa chini umefungwa kwenye kibao cha kukanyagia, wa juu kwenye mti mwembamba unaonyumbuka. Asiye na mti wa kunyumbuka anakata ukanda wa tyubu ya gari, na kwa kweli tyubu ni bora kwa msafiri kwa sababu inakunjwa mfukoni. Ukikanyaga, kipande kinazunguka kuja kwako na patasi inakata. Ukiachia, kinarudi nyuma na unailegeza patasi. Nusu ya muda hukati chochote, lakini mguu unazoea mapema kuliko unavyodhani.

Keezo la uta linaendeshwa kwa mkono. Uta wenye kamba unasukumwa mbele na nyuma, kipande kinazunguka, na patasi inashikwa kwa mkono wa pili ukisaidiwa na vidole vya mguu. Ukienda Marrakech utawakuta mafundi wamekaa chini hivi hivi, wakikereza vijiti vya mishikaki na vipande vya sataranji mbele ya wapita njia. Seremala wa pwani aliyewahi kushika keke ya kutobolea mbao hahitaji kufundishwa. Ni akili ile ile ya uta na kamba, ila hapa kinachozunguka ni mbao yenyewe.

Mashine ya meza ya umeme ni ile ndogo unayoweza kuibeba peke yako au na mtu mmoja. Ndani ya kundi hili kuna tofauti kubwa. Proxxon DB 250, kwa mfano, ina mota ya wati 100 na inachukua kipande cha urefu wa sentimita 25. Inakaa kwenye sanduku la viatu vya buti. Juu yake kuna mashine za mota ya nusu hosipawa hadi hosipawa moja (wati 373 hadi 746), zenye uzito wa kilo 30 hadi 60, zinazokereza bakuli la kipenyo cha sentimita 25 au 30.

| | Keezo la mguu | Keezo la uta | Mashine ya meza |
|---|---|---|---|
| Uzito | kilo 25–40, linafumuliwa | chini ya kilo 10 | kilo chache hadi 60 |
| Nishati | mguu | mkono | betri na inveta |
| Mbao | mbichi | kavu au mbichi, nyembamba | kavu zaidi |
| Kazi bora | bakuli, miguu ya stuli, mipini | vijiti, sataranji, pia ndogo | tasbihi, vinara, visanduku |
| Kelele | karibu hakuna | hakuna | mvumo, na msasa unaopiga |
| Nafasi | mita 2 nje | mkeka mmoja | meza imara |

Jedwali linasema ukweli, lakini halisemi wote. Keezo la uta, kwa mfano, linaonekana mshindi kwa wepesi wake. Tatizo lake ni kwamba kazi inayotoka humo ni nyembamba na ndogo, na mkono unaosukuma uta ndio huo ambao ungeshika patasi. Ujuzi wake huchukua muda mrefu kuliko wa haya mengine mawili. Kama hukukulia kwenye fani hiyo, lichukue kama onyesho la kuvutia watu kibandani, si kama chombo cha kukulisha. Sitalirudia sana.

Waliolipeleka keezo kwenye mti

Ulinganisho wa keezo la mguu na mashine unaeleweka vizuri zaidi ukiwatazama watu waliowahi kuishi kwa kukereza huku wakihama. Katika vilima vya Chilterns huko Uingereza, karibu na mji wa High Wycombe uliojaa viwanda vya viti, kulikuwa na wakereza walioitwa bodgers. Walinunua miti ya beech ingali imesimama, wakajenga kibanda msituni, wakafunga keezo la mguu humo humo na kukereza miguu ya viti kutoka mti mbichi. Miguu ilirundikwa ikauke, ikauzwa viwandani, kisha fundi akahamia eneo jingine la msitu. Wa mwisho wao waliacha kazi katikati ya karne ya 20.

Hesabu yao ilikuwa ya mizigo. Gogo mbichi linaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mbao inayobaki huishia kuwa maranda. Ukilipeleka gogo mjini, unasafirisha maji na takataka. Ukilipeleka keezo msituni, unatoka na miguu ya viti peke yake. Mtu anayeishi garini anapambana na hesabu hiyo hiyo, na nafasi yake ni finyu kuliko ya kibanda cha msituni.

Jambo la pili ni kwamba fundi hakulazimika kubeba keezo zima. Alihitaji ncha za chuma, kamba na patasi. Fremu ilitengenezwa papo hapo. Leo watu wanaolifufua keezo hili Ulaya wanatengeneza fremu ya kufumuliwa, iliyoshikwa kwa kabari badala ya misumari, inayoingia nyuma ya gari dogo. Fundi wa mlango na dirisha mtaani kwako anaweza kukutengenezea fremu kama hiyo. Ncha mbili za chuma utazipata kwa wachomeleaji wa Gerezani, Dar es Salaam, au kwa fundi yeyote mwenye keezo la chuma.

Na si miguu ya viti tu. George Lailey wa Bucklebury, aliyezaliwa 1869 na kufariki 1958, alikereza bakuli maisha yake yote kwa keezo la mguu, na keezo lake limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la maisha ya vijijini huko Reading. Alitumia patasi zenye ncha iliyopinda kama ndoana, zilizomwezesha kutoa bakuli moja kutoka ndani ya jingine. Kwa hiyo anayesema keezo la mguu haliwezi kazi ya maana hajaiona kazi yake.

Pwani yetu nayo ina historia ya kukereza: matendegu ya vitanda vya zamani vya Lamu na Siyu ni kazi ya keezo. Hao lakini walikuwa mafundi wa mji, mbao zikiwafuata walipo. Kwa maisha ya kuhamahama, wa Chilterns ndio wenzetu wa karibu.

Mbichi au kavu: hapa ndipo pa kuamulia

Mbao mbichi hupatikana njiani bila gharama kubwa. Mgrevilea ulioangushwa pembeni ya shamba la kahawa, mwembe uliokatwa kupisha ujenzi, mparachichi mzee, mjakaranda uliovunjwa na upepo, mfenesi wenye rangi ya dhahabu. Ukikuta mtu anakata mti akupe kipande cha shina, mara nyingi bei yake ni ya kuni. Mbao mbichi inakatika laini, inatoa utepe mrefu badala ya vumbi, na haihitaji nguvu nyingi. Kwa keezo la mguu ndiyo mbao pekee ya busara. Mbao kavu ngumu itakuchosha kabla hujamaliza nje ya bakuli.

Adui wake ni kukauka. Mbao husinyaa kuzunguka duara la gogo karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea kwenye kiini, na ndiyo maana bakuli la mviringo likikauka linakuwa na umbo la yai. Fundi wa karakana ya kudumu hutatua hilo kwa kukereza mara mbili: kwanza anaacha ukuta mnene, kama moja ya kumi ya kipenyo (bakuli la sentimita 25 linabaki na ukuta wa sentimita 2.5), analiweka miezi likauke, kisha analirudisha kwenye keezo na kulimalizia. Kwa anayeishi garini, njia hiyo ni ya kusahau. Bakuli thelathini zilizokerezwa nusu zinajaza Haisi, zinanuka ukungu wakati wa masika, na zitakauka vibaya kwa kuhama kutoka unyevu wa Tanga kwenda ukavu wa Dodoma ndani ya siku moja.

Njia ya msafiri ni kukereza mara moja, ukuta mwembamba wa milimita 5 au 6 ulio sawa kila mahali, na kuliacha lipinde litakavyo. Ukuta mwembamba unanyumbuka, haupasuki. Gawa gogo kwa kupitia kiini na ukiondoe kiini chenyewe, kwa maana nyufa huanzia hapo. Vipande ambavyo hujavifikia vipake nta au rangi nzito kwenye ncha zilizokatwa na uvifunge kwenye mfuko. Bila hivyo, juma moja la jua la barabarani linatosha kuvimaliza. Bakuli lililopinda kidogo linauzika vizuri, mradi mteja aambiwe mapema kwamba ndilo umbo lake.

Mbao kavu ni habari tofauti. Njiani hupati mbao kavu za kutosha kwa bakuli kubwa ila kwa kununua dukani, na bei yake utaisikia. Lakini vipande vidogo vikavu vipo tele kwa anayejua pa kuuliza: vipande vilivyobaki vya mninga na mkangazi kwa watengeneza samani, na mabaki ya mpingo kwa wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam. Mfuko mmoja wa mabaki ya mpingo unatoa shanga za tasbihi nyingi, na tasbihi ya shanga 33 inaingia kwenye kiganja. Hakuna bidhaa ya kukereza yenye thamani kubwa zaidi kwa nafasi inayochukua. Mpingo ni mzito kuliko maji na unaua makali ya patasi haraka. Keezo la mguu halina kasi ya kuufanyia haki. Hapa mashine ya umeme inashinda bila ubishi.

Umeme wa garini, kwa hesabu

Wanaoogopa mashine kwa sababu ya umeme huogopa zaidi ya inavyostahili. Mota ya nusu hosipawa haivuti wati zake 373 muda wote. Ukikereza vitu vidogo kwa patasi kali, wastani ni wati 150 hadi 200, ukijumlisha na kile kinachopotea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa soketi. Saa tatu za mota kuzunguka kwa siku ni nyingi kwa kazi ya tasbihi na vinara, na zinakula takriban wati-saa 600.

Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 100 inahifadhi wati-saa 1,280, na unaweza kuzitumia karibu zote. Betri ya risasi ya ukubwa ule ule haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo inakupa kama 600 na itachakaa mapema. Kwa bei ya kununua, ya risasi ni rahisi. Kwa kazi ya mota, na kwa uzito ambao gari linaubeba kila kilomita, ningelipia lithiamu na kupunguza mahali pengine.

Paneli ya wati 200 ikilala bapa juu ya paa, yenye vumbi la njia na joto, itakupa kama wati-saa 700 siku yenye jua zuri. Lakini anayehama ana chanzo kikubwa kuliko paneli: oltaneta ya gari. Chaja ya ampea 30 inayochukua umeme kutoka kwenye oltaneta inaingiza kama wati-saa 400 kila saa ya safari, hivyo kutoka Dar hadi Morogoro kwa mwendo wa saa tatu unafika na betri iliyojaa au karibu kujaa. Anayehama kila baada ya siku mbili anaweza hata kuacha paneli. Anayekaa juma zima kwenye viwanja vya maonyesho anaihitaji, au aombe soketi ya kibanda.

Kwenye inveta usifanye ubahili. Mota za kawaida, za mashine ambazo mwendo hubadilishwa kwa kuhamisha mkanda, huvuta mara kadhaa ya nguvu zake wakati wa kuanza, na inveta ya wati 600 itakata hapo hapo. Mashine yenye kirekebisha mwendo cha kielektroniki huanza polepole, na inaridhika na inveta ya wati 1,000 ya wimbi safi. Kebo kati ya betri na inveta iwe fupi na nene, milimita za mraba 35, na fyuzi ikae karibu na betri. Volti 12 zinapobeba wati 1,000 ni zaidi ya ampea 80, na kebo nyembamba inakuwa jiko. Ukilala kwenye gari hilo hilo, hili si la kuachia fundi wa redio za magari.

Jenereta ya petroli nimeiacha makusudi. Kelele yake inakufukuzisha kila mahali penye kivuli kizuri.

Gari lenyewe linatikisika

Mashine ya kukereza inapenda uzito chini yake. Karakana za kudumu huifunga kwenye zege au kuipakia magunia ya mchanga. Gari limekaa juu ya springi na matairi, na ukifunga mashine ndani yake halafu ukaanza kipande ambacho hakijawa mviringo, gari zima linacheza. Kuna dawa mbili. Ya kwanza ni jeki mbili chini ya chesi ili springi zisibebe. Ya pili, ninayoiona bora, ni kutoa mashine nje kabisa: meza ya kukunja yenye rafu chini, madumu mawili ya lita 20 yaliyojazwa mchanga wa pale pale, na mlango wa nyuma wa Haisi ulioinuliwa ukiwa kivuli. Ukiondoka unamwaga mchanga, hubebi kitu.

Mwendo pia unasaidia. Kipenyo kwa sentimita ukizidisha na mizunguko kwa dakika kibaki kati ya 15,000 na 23,000. Bakuli la sentimita 25 linataka mizunguko 600 hadi 900. Shanga haidhuriki na 3,000. Ukiwa juu ya meza nyepesi, anzia upande wa chini.

Keezo la mguu halina matatizo haya. Linakaa ardhini, linatikisika kwa mdundo wa mguu wako, na mkanyago ukizidi unaweka jiwe kwenye boriti ya chini. Linachotaka ni mita mbili za ardhi tambarare na sehemu ya kufungia tyubu juu.

Kuhusu gari: Kirikuu, ile pikapu ndogo, inabeba kilo 350, hivyo inatosha keezo la mguu, patasi, magogo machache na hema, lakini kulala ndani yake ni adhabu. Noah inatosha mtu mmoja mwenye mashine ndogo asiyebeba magogo. Haisi ndefu ina sakafu ya karibu mita 3, kwa hiyo kitanda kinakaa upande mmoja na sanduku la zana upande wa pili. Trela ndogo inavutia kwa sababu vumbi halikufuati kitandani. Ila kurudi nyuma na trela kwenye viwanja vilivyojaa watu ni fani nyingine kabisa, na lami yetu ina matuta.

Patasi: chache, na za kazi yako

Kwa mashine na mbao kavu, kuna patasi zenye ncha ya kabaidi (ngumu kuliko chuma cha kawaida) zinazofungwa kwa skrubu. Ncha ya mraba ina pande nne za kutumia, ya duara unaizungusha hadi iishe. Hazihitaji mashine ya kunolea, na mpingo hauziui upesi. Kasoro yake ni kwamba zinakwangua kuliko kukata, na kazi inamalizikia kwenye msasa, yaani kwenye vumbi.

Kwa mti mbichi na keezo la mguu, kabaidi haifai. Mwendo ni mdogo, kwa hiyo makali ndiyo yafanye kazi yote: patasi ya mfereji ya kuanzia, patasi bapa ya kulainisha, na ndoana za bakuli. Mhunzi anayetengeneza majembe kwa springi za gari anaweza kukufulia zote tatu kwa chuma kile kile. Usikubali patasi iliyotengenezwa kwa tupa kuukuu ambayo haijapashwa moto upya kupunguza ugumu. Chuma chake ni kigumu na huvunjika ghafla. Noleo la almasi la bapa linatosha kunoa kila kitu, na haliliwi kama jiwe.

Vumbi na vitambaa vya mafuta

Hapa maisha ya garini yanatofautiana zaidi na karakana ya uani. Vumbi la mbao limewekwa na shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani, IARC, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwenye karakana unatoka na kuoga. Garini unalala nalo. Mti mbichi hautoi vumbi la kuelea, na hiyo ni sababu nzito ya kulipendelea keezo la mguu kwa mwenye gari dogo. Mwenye mashine apige msasa nje, upepo ukiwa mgongoni, barakoa usoni, na nguo za kazi zisiingie kitandani.

Kuna hatari nyingine inayotajwa mara chache. Mafuta ya kitani, ile linsidi ya madukani, hukauka kwa kuchukua oksijeni na kutoa joto. Kitambaa kilichofinyangwa na kutupwa kwenye kona ya gari kinaweza kuwaka chenyewe saa chache baadaye, bila cheche. Kitandaze nje kikauke au kiloweke kwenye kopo la maji. Mimi ningeacha mafuta hayo kabisa nikiwa njiani na kutumia nta ya nyuki, hasa ile ya Tabora, inayosuguliwa kipande kikiwa bado kinazunguka. Haina ujanja mwingi, na mteja anaondoka na bidhaa papo hapo.

Maranda yenyewe si taka. Tandika turubai chini, yakusanye, na mfugaji wa kuku wa karibu atayachukua yakiwa makavu na hayajatoka kwenye mbao zilizotiwa dawa. Mara nyingine ndiye atakayekuruhusu kuegesha tena mwakani.

Magogo na vizuizi vya maliasili

Bidhaa ndogo iliyokamilika haisumbui sana barabarani. Gogo linasumbua. Tanzania, mazao ya misitu yanasafirishwa kwa hati ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kizuizini hakuna anayejali kwamba ni kipande kimoja cha mwembe cha bakuli. Kereza pale ulipolipata, au pata karatasi kabla ya kuondoka. Hili peke yake linampa keezo la mguu pointi kubwa, kwa kuwa limeundwa kwa ajili ya kukereza pale mti ulipoanguka.

Mpingo una la ziada. Karibu jamii nzima ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, iko kwenye Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu Januari 2017. Kwa upande wa CITES, bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mbao hiyo kwa shehena hazidaiwi kibali, kwa hiyo mtalii anayenunua tasbihi au kinara hana tatizo hapo. Weka risiti za mabaki uliyonunua. Askari wa misitu akiuliza mpingo umetoka wapi, unamwonyesha.

Nani achukue nini

Anayehama kila siku chache, anayelala vijijini na mashambani, anayeuza bakuli, vijiko vya mviringo na miguu ya stuli: keezo la mguu, na asipoteze fedha kwenye betri. Anayefuata maonyesho ya mijini, anayelala kwenye maegesho ya vituo vya mafuta vyenye mlinzi, na wateja wake wanataka zawadi ndogo: mashine ya nusu hosipawa yenye kirekebisha mwendo, au ile ya wati 100 kama anatengeneza shanga na kalamu tu. Wazo la kubeba mashine ya kilo 60 ili "siku moja nikereze bakuli kubwa" silipendi. Utaibeba kwa matuta yote ya kutoka Chalinze hadi Tunduma, na bakuli kubwa kavu hutalipata njiani.

Kama bajeti inaruhusu viwili, basi fremu ya keezo la mguu inayofumuliwa pamoja na mashine ndogo kabisa. Uzito wa vyote viwili bado uko chini ya mashine moja kubwa, na vinagawana kazi bila kugombana: kimoja kwa mti mbichi mchana nje, kingine kwa mpingo wakati wa mvua.

Ukinunua mashine iliyotumika, hasa iliyoletwa kutoka Marekani, angalia kibao cha mota kwanza. Ya volti 110 itahitaji transfoma nzito kwenye soketi zetu, ingawa kwa anayetumia inveta ya garini unaweza kununua inveta ya volti hizo na tatizo likaisha. Kisha tazama sredi za spindo, yaani nyuzi za mhimili unaozungusha kipande. Za Marekani mara nyingi ni inchi 1 yenye nyuzi 8 kwa inchi, za Ulaya M33 kwa 3.5, na mashine ndogo zina zake. Chaki ya taya nne (kibanio cha kushikia kipande) uliyonayo ikikataa kuingia, adapta ipo lakini inasogeza kipande mbali na beringi, na juu ya meza ya kukunja utauona mtikisiko huo kila siku. Chukua spindo inayolingana na chaki, au nunua vyote viwili kwa muuzaji mmoja.